Mimi nimejaza karatasi ya vikwazo, mchumba wangu ameandika mstari mmoja: nani anaona sawasawa?

*"Shikamoo Daktari. Ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, mwanamke. Juzi tulipewa dodoso darasani, na swali mojawapo lilitutaka tutaje vikwazo tunavyotarajia kukutana navyo kazini. Nilijaza nafasi yote nikageuza na nyuma ya karatasi: ujauzito katikati ya mafunzo ya ubingwa, zamu za usiku nikiwa na mtoto mchanga, maprofesa wanaosema upasuaji si kazi ya mwanamke, wagonjwa kuniita sista, mshahara, kukosa mtu wa kunishika mkono. Mchumba wangu tunayesoma naye aliandika mstari mmoja tu, kwamba nafasi za ubingwa ni chache. Alipoona yangu akacheka, akasema nina woga. Naupenda upasuaji tangu siku ya kwanza nilipoingia chumba cha upasuaji, na alama zangu zinazidi zake. Ila mhadhiri mmoja wa kike ninayemheshimu sana amenishauri nichukue magonjwa ya ngozi 'ili nipate muda wa familia'. Je, najitisha mwenyewe, au yeye ndiye haoni? Na je, niachane na upasuaji mapema kabla sijapoteza miaka?"*

Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali matatu, lakini chini yake naona moja: kama macho yako yanaona sawasawa. Nikujibu kwa kifupi kwanza, ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia. Karibu kila ulichoandika kipo kweli. Kinachohitaji kupangwa upya ni uzito uliokipa kila kimoja, maana jambo la miaka miwili na jambo la miaka thelathini umeyaweka kwenye mizani moja. Na hapana, usiuache upasuaji mwaka wa nne.

Tuanze na hilo neno "woga". Swali mliloulizwa ninyi limeulizwa kwa wanafunzi wa udaktari katika nchi mbalimbali, na majibu mengi yanafanana. Wanawake hutaja zaidi familia, ubaguzi na kukosa mtu wa kuwainua. Wanaume huyataja hayo mara chache zaidi. Wewe na mchumba wako mmejibu kama vile mlipangiwa. Watu wakiyaona matokeo hayo hukimbilia kusema wanawake hawajiamini, na hapo wanachanganya mambo mawili. Kuna imani ya mtu juu ya uwezo wake, na kuna makadirio yake juu ya njia atakayopita. Mtu anaweza kuwa na uhakika na mikono yake na asiwe na uhakika na watu watakaomkabidhi kisu. Barua yako inasema hivyohivyo: alama unazijua, kazi unaipenda, mashaka yako yote yamelalia kwa watu na kwenye ratiba.

Kama imebaki chembe ya shaka kuhusu uwezo wenyewe, takwimu zipo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa 2016 ulipitia kumbukumbu za wazee waliolazwa hospitalini, walazwa zaidi ya milioni moja na nusu. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa 11.07% kwa waliotibiwa na madaktari wanawake, na 11.49% kwa waliotibiwa na wanaume. Mwaka 2023 watafiti wa Uswidi walitazama oparesheni za kutoa mfuko wa nyongo: wapasuaji wanawake walitumia muda mrefu kidogo, na wagonjwa wao wakapata matatizo machache zaidi. Tofauti hizi ni ndogo, na hazina maana kwamba kila mpasuaji mwanamke anamzidi kila mwanaume. Mimi nazitumia kwa kazi moja tu, kumnyamazisha anayedai mwanamke na kisu haviendani.

Sasa, kwa nini orodha yako ni ndefu na yake fupi? Jiulize umeyasikia wapi uliyoyaandika. Mhadhiri amekuita pembeni akakueleza habari ya familia. Je, mchumba wako ameshawahi kuitwa pembeni na mtu yeyote akaulizwa watoto wake watalelewa na nani akiwa zamu? Sidhani. Wewe umekuwa ukipewa taarifa, njema na mbovu, tangu siku uliposema unataka udaktari, yeye hajapewa. Karatasi yake nyeupe imetokana na kutoambiwa, ushujaa haumo. Tena hata yeye hajakadiria sawasawa, ni vile tu kwamba kosa lake halimuumi kwa sasa. Nitalirudia hili mbele.

Kabla hatujafika huko, tupitie orodha yako, maana vikwazo vyake havilingani.

Kuitwa sista kutakupata, tena si mara moja. Utamhoji mgonjwa nusu saa, utampapasa tumbo, utamweleza unachofikiri, na ukiwa unanawa mikono atakuuliza, "Sista, daktari anakuja saa ngapi?" huku akimtazama kijana aliyekuwa ameshika faili. Hata madaktari wenyewe hufanya hivyo wao kwa wao. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, walichapisha uchunguzi wa namna wazungumzaji wanavyotambulishwa kwenye mikutano ya kitaaluma ya hospitali. Mwanaume alipomtambulisha mwanaume mwenzake alimtaja kwa cheo cha udaktari katika mara 72 kati ya 100; alipomtambulisha mwanamke, mara 49. Jambo hili linaudhi, na likijirudia kila siku linachosha, lakini halimzuii mtu kuwa mpasuaji. Jitambulishe mapema na kwa sauti, jina na kazi yako. Mwenzako wa kiume naye aseme, "Huyu ndiye daktari wako, muulize yeye." Akinyamaza, umwambie baadaye kwamba ukimya wake ameusikia kila mtu wodini.

Mshahara umeuandika kwa neno moja tu, na naona umeupunja. Wengi hudhani pengo la malipo linatokana na wanawake kupunguza saa wakishazaa, na kweli sehemu yake inatoka huko. Lakini madaktari waliokuwa wametoka tu kwenye ubingwa huko New York mwaka 2008 walipolinganishwa, wanaume walianza kazi wakiwa juu kwa dola 16,819 kwa mwaka, hata baada ya kuzingatia fani na saa za kazi. Mwaka 1999 pengo hilo lilikuwa dola 3,600 hivi. Uingereza, mapitio huru yaliyotolewa Desemba 2020 yalikuta madaktari wanawake wa hospitali wakipata pungufu ya wanaume kwa 18.9% baada ya kurekebisha saa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yakasema pengo katika sekta nzima ya afya na utunzaji wa watu ni karibu 24%. Kikwazo hiki kina dawa inayojulikana: viwango vya mishahara viwekwe wazi. Kwa hiyo siku unayotafuta kazi, uliza ngazi ya mshahara kwa maandishi kabla ya kutaja unachotaka wewe, na uliza wenzako wanapata nini. Wanaume huulizana.

Kuna jambo linalogusa upasuaji moja kwa moja, nalo halimo kwenye karatasi yako. Mwanauchumi Heather Sarsons alichunguza rufaa ambazo madaktari wa Marekani huwapelekea wapasuaji. Mgonjwa akifa baada ya oparesheni ya mpasuaji mwanamke, daktari aliyemtuma hupunguza rufaa kwake kuliko ambavyo angempunguzia mwanaume aliyepatwa na jambo lilelile. Zaidi ya hapo, hata wapasuaji wengine wanawake ambao hawakuhusika kabisa hupoteza nafasi ya kutumiwa wagonjwa na daktari yuleyule. Kosa la mwanaume linabaki kuwa bahati mbaya yake. La mwanamke linageuka ushahidi dhidi ya wote. Nimekueleza ili siku ukipatwa na tatizo mezani, na kila mpasuaji hupatwa, usijifungie. Andika kumbukumbu kamili, ipeleke kesi kwenye kikao cha kujadili vifo na matatizo wewe mwenyewe kabla haijazungumzwa kwenye korido, na umpigie simu daktari aliyekutumia mgonjwa umweleze kilichotokea.

Utawasikia wengine wakisema haya yote ni ya zamani, kwa sababu wanawake sasa wamejaa vyuoni. Wamejaa kweli. Marekani wamekuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wa udaktari tangu 2019, na Uingereza mwaka 2025 madaktari wanawake waliosajiliwa waliwapita wanaume kwa idadi kwa mara ya kwanza. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilionyesha kuwa wanawake walikuwa karibu 70% ya wafanyakazi wa afya duniani huku wakishika robo tu ya nafasi za juu za uongozi. Kwenye upasuaji wa mifupa nchini Marekani hawajafika hata mmoja kwa kila kumi. Kujaa mlangoni na kufika ghorofani ni mambo mawili tofauti, na muda peke yake haupandishi mtu ngazi. Uingereza wanawake wamekuwa wengi kuliko wanaume katika udahili wa udaktari tangu miaka ya 1990. Kama ingekuwa suala la kusubiri tu, matokeo yangeshaonekana hadi kwenye vyeo vya juu.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Matarajio ya kikwazo hufanya kazi namna gani?

Mwaka 1994 wanasaikolojia watatu, Robert Lent, Steven Brown na Gail Hackett, walitoa nadharia ambayo bado inatumika sana kueleza jinsi watu wanavyochagua kazi. Walisema mtu haongozwi na uwezo na mapenzi peke yake. Anaongozwa pia na vikwazo na misaada anayoitarajia mbele. Ukiamini mlango umefungwa, hamu yako haigeuki kuwa hatua, hata kama mlango uko wazi. Nadharia hiyo ukiisoma kitabuni utadhani inahusu uamuzi mmoja mkubwa, siku mtu anapochagua fani. Wodini inaonekana kwa sura nyingine kabisa, kwenye vitu vidogo vya kila wiki.

Tazama chumba cha upasuaji siku ya wanafunzi. Anayeamini nafasi si yake husimama nyuma ya mabega ya wenzake. Meza imeinuliwa kwa kimo cha mpasuaji mrefu, yeye haoni kitu, lakini haombi kigoda cha kusimamia. Glavu zilizofunguliwa ni namba saba na nusu, mkono wake ni namba sita, vidole vinapwaya, kwa hiyo anaposhika uzi fundo linalegea, na anayemtazama anasema kimoyomoyo, "Huyu mikono yake mizito." Mara ya pili hajitolei kushona. Mwaka unaisha, mwenzake ameshona mara nyingi, yeye mara chache, na sasa kweli mwenzake anashona vizuri zaidi. Profesa akiulizwa ampendekeze nani, anampendekeza anayeweza. Hakuna aliyebagua siku hiyo, na bado ubaguzi umekamilika. Wahenga wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa limekuja kwa miguu ya mhusika mwenyewe.

Lakini tusimbebeshe mwanafunzi lawama yote. Matarajio hayo yamo pia vichwani mwa wanaoamua. Mwaka 2018 iligundulika kwamba chuo kikuu cha udaktari cha Tokyo kilikuwa kikipunguza alama za waombaji wanawake kwenye mtihani wa kuingia, tena kwa miaka mingi. Hoja iliyotolewa ni kwamba wanawake wangeacha kazi wakishazaa. Mwaka huo walifaulu 2.9% ya wanawake walioomba, dhidi ya karibu 9% ya wanaume. Mwaka uliofuata mchezo ulipokomeshwa, pengo likatoweka. Isome tena hoja yao, halafu usome tena ushauri wa mhadhiri wako. Nia ni tofauti kabisa, yeye anakupenda. Ila makadirio ni yaleyale, kwamba utazaa na kazi itakushinda, kwa hiyo tuyamalize mapema. Kuacha fani leo kwa sababu ya mtoto ambaye hajatungwa ni kulipa deni ambalo hujakopa.

Tukifika kwa mtoto, hapo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hiki ndicho kikwazo kizito kuliko vyote ulivyoandika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwafuatilia madaktari tangu mwaka wao wa kwanza wa kazi. Ndani ya miaka sita hivi baada ya kumaliza mafunzo, 22.6% ya wanawake hawakuwa wanafanya kazi muda wote, wakati kwa wanaume ilikuwa 3.6%. Wenye watoto ndio waliotengana zaidi. Wote wamesoma udaktari na kupita mafunzo ya namna moja. Kilichowatenga hakiko kwenye tumbo la uzazi peke yake, maana ujauzito ni miezi tisa na kunyonyesha kuna mwisho. Kimo kwenye mpangilio wa nyumba na ratiba ya hospitali: nani anapigiwa simu mtoto akipata homa saa nane za mchana, na je, hospitali inaruhusu mtu kubadilishana zamu bila kuonekana mzigo.

Ndiyo maana kikwazo hiki husogea sheria zikisogea. Uswidi wazazi wana siku 480 za likizo kwa mtoto mmoja, na siku 90 kati yake ni za kila mzazi peke yake. Baba asipozitumia zinapotea, hawezi kumwachia mama. Sheria ya namna hiyo humpa mwajiri sababu ya kuuliza swali moja kwa wote wawili. Usipokuwa na sheria kama hiyo, itabidi mapatano muyaandike ninyi.

Upande wa mwili nao una yake, na wanafunzi hawaambiwi. Uchunguzi wa wapasuaji wanawake wa Marekani uliochapishwa 2021 ulikuta 42% wamewahi kupoteza ujauzito, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha wanawake kwa jumla. Uchunguzi mwingine wa madaktari wanawake wa fani mbalimbali, wa 2016, ulikuta kwamba kati ya waliojaribu kupata mtoto, karibu mmoja kwa kila wanne alikuwa amegundulika na tatizo la uzazi. Sababu kubwa inayotajwa ni umri, kwa kuwa mafunzo huisha mtu akiwa ameshafika miaka ya thelathini na kitu. Maana yake ni kwamba hata ule ushauri maarufu wa "maliza kwanza, utazaa baadaye" una gharama, na anayekupa anapaswa kukutajia. Sikuambii uzae lini. Nasema uamuzi huo ufanywe na mtu aliyeambiwa yote, na kwamba kuzaa katikati ya mafunzo, pamoja na ugumu wake, ni jambo ambalo wapasuaji wengi wamelifanya na wakamaliza.

Je, mhadhiri wako amekosea? Amekushauri kutokana na aliyoyaona, na pengine yaliyomgharimu yeye mwenyewe, mrudie umuulize hivyo kwa adabu, "Mama, wewe ilikuwaje?" Hadithi yake itakufaa kuliko hitimisho lake. Ila magonjwa ya ngozi si pa kupumzikia, na katika nchi nyingi ndiyo fani yenye ushindani mkali kuliko nyingi. Anayeichagua bila kuipenda hujikuta akipigania nafasi na watu wanaoipenda. Halafu upasuaji wenyewe si kitu kimoja. Mpasuaji wa ajali au wa kupandikiza viungo huitwa usiku wa manane mara kwa mara. Wa matiti, wa macho, wa masikio, pua na koo, kazi yao kubwa ni ya kupangwa, mchana. Miaka ya mafunzo ni migumu katika zote, hilo halina ubishi, utakosa usingizi na utakosa sherehe za ndugu zako. Lakini mafunzo huchukua miaka mitano, sita, na kazi inafuata kwa thelathini. Ukiipima fani, pima ile thelathini.

Na ukweli wa upande wa pili: wapo wanaoonja upasuaji wakakuta hawaupendi kiasi cha kuulipia gharama yake, wanaume kwa wanawake. Ukifika hapo ukaondoka kwa sababu umeona kitu kingine unachokitaka zaidi, hujashindwa na mtu. Kipimo changu ni hiki: kama ungehakikishiwa ratiba sawa na malezi ya uhakika, bado ungechagua ngozi? Ukijibu ndiyo, nenda. Ukijibu hapana, basi kilicho mbele yako ni tatizo la ratiba na malezi, na kubadili fani hakulitatui.

Sasa turudi kwa mchumba wako na mstari wake mmoja. Kuna vikwazo vyake pia ambavyo hajaviona. Akitaka magonjwa ya wanawake na uzazi atakutana na wagonjwa wanaokataa kuchunguzwa na mwanaume, na huenda ameshatolewa nje ya pazia mara kadhaa kwenye mafunzo. Akiomba likizo ya mtoto wake kuna bosi atakayemtazama kama mtu asiye makini na kazi. Na akiendelea kudhani habari ya watoto haimhusu, atashtuka siku utakapomwambia zamu ya leo ni yake. Kicheko chake kimenisumbua kuliko orodha yako. Mkiwa mmetulia, si siku ya mtihani, mpe karatasi yako na umwombe aandike mbele ya kila kikwazo atafanya nini yeye. Nani atachukua ubingwa kwanza kama nafasi zitatoka miji tofauti? Nani atahama? Mtoto akiumwa katikati ya wiki, nani anarudi nyumbani? Majibu ya "tutaona" usiyapokee. Watu wakisema tutaona, mara nyingi anayekuja kuona ni mwanamke.

Mwaka huu ufanye mambo machache. Rudi chumba cha upasuaji kadiri ratiba inavyoruhusu, omba kigoda, taja namba ya glavu zako kabla muuguzi hajafungua pakiti, na useme unataka kushona. Tafuta wanawake walio kwenye mafunzo ya upasuaji sasa hivi, si wale tu waliomaliza zamani, na uwaulize maswali ya kupimika: zamu ngapi za usiku kwa mwezi, aliyepata ujauzito alipangiwaje, likizo ilirefusha mafunzo kwa muda gani, nani aliacha na kwa nini. Waulize na wanaume maswali hayohayo uone watakachojua. Kuhusu mtu wa kukushika mkono, tofautisha mshauri na mtetezi. Mshauri huongea nawe, mtetezi hukutaja kwenye kikao ambacho wewe hupo. Wanawake wengi hupewa washauri tele na mtetezi hata mmoja hawana. Mtetezi si lazima awe mwanamke, na humpati kwa kumwomba awe mtetezi, humpata kwa kufanya naye kazi inayoonekana, kisha kumwambia waziwazi, "Nataka upasuaji, naomba unikumbuke nafasi ikitokea."

Naongeza kitu kimoja ambacho hukukiandika, pengine kwa aibu. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2023 kuhusu wapasuaji ulikuta karibu theluthi mbili ya wanawake waliojibu walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kijinsia na wenzao kazini katika miaka mitano iliyotangulia, na karibu 30% walikuwa wameshambuliwa kingono. Haimaanishi kila chumba cha upasuaji kiko hivyo. Ila likikutokea, usilipokee kama sehemu ya mafunzo. Andika siku hiyohiyo tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Tunza ujumbe wa simu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini ili pawe na shahidi wa wakati. Kisha nenda ana kwa ana kwa mlezi wa wanafunzi, dawati la jinsia la chuo au chombo kingine kisicho chini ya anayetuhumiwa. Ukishambuliwa, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinahitaji kuanza ndani ya muda huo na mapema ndiyo bora. Polisi na chuo vinafuata.

Kuna na hali nyingine ambazo barua kama hii haizitoshi. Ukipata ujauzito ukiwa kwenye mzunguko wa upasuaji, muone daktari wa uzazi na kitengo cha afya mahali pa kazi mapema, usisubiri tumbo lionekane. Miongozo ya kimataifa ya kinga ya mionzi, kama ile ya eksirei ya chumba cha upasuaji, inataka mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya takriban milisiveti 1 (kizio cha kupimia mionzi) tangu ujauzito utangazwe, na hawawezi kukupangia kipimo cha mionzi cha kuvaa chini ya aproni ya madini ya risasi kama hawajui. Zungumza nao pia kuhusu gesi za usingizi na zamu za usiku mfululizo. Na kama mawazo haya ya vikwazo yameanza kukunyima usingizi wiki kadhaa, husomi, huli, huoni tena raha hata kwenye upasuaji ulioupenda, muone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili wa chuo. Wanafunzi wa udaktari huahirisha hili kwa kuogopa rekodi zao. Uliza kwanza taarifa zako zinatunzwaje, halafu uende. Ukianza kuwaza afadhali usingekuwepo, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Kwa mhadhiri wako nenda kabla fomu za kuchagua mafunzo ya hiari hazijafungwa. Kwenye fomu, nafasi ya kwanza andika upasuaji, ya pili uweke ngozi kama bado inakuvuta.